Vigari vya Mfano: Maswali na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma, Manyoni na Kondoa, na karibu zote zinauliza habari ya rangi. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana ukishaielewa hiyo, nusu ya nyingine zimejijibu.

Ndugu wahariri, salaam. Nimeunga gari la boksi (la vipande vya kuunganisha) la kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko gari halisi, nikalipiga rangi nyekundu ya kopo la kupuliza, uani, saa tisa alasiri. Imekauka upesi mno, lakini bodi inakwaruza kama msasa, hasa paani na kwenye kingo za madirisha. Nimeongeza mikono (matabaka ya rangi) miwili, ndiyo kwanza imezidi. Je, kopo ni bovu? (Msomaji, Ipagala, Dodoma)

Kopo halina kosa, ndugu yetu. Rangi imekauka angani kabla ya kufika kwenye bodi. Kila tone linalotoka kwenye kopo lina rangi na thina (kimiminika cha kuyeyushia rangi), na thina ndiyo inayolifanya tone litandae na kuungana na jirani yake likishatua. Alasiri ya kiangazi hapa Dodoma hewa ni kavu na upepo unavuma. Tone likisafiri sentimita 40 linafika likiwa chenga. Chenga hazitandai, zinarundikana. Ndiyo maana mikono uliyoongeza haikusaidia: umemwaga mchanga juu ya mchanga. Paa na kingo za madirisha zimeumia zaidi kwa sababu ndiko kulikotua ule ukungu uliokuwa ukipita pembeni ulipopuliza ubavuni.

Usiikwangue yote. Iache siku tatu ikomae, kisha loweka msasa namba 1000 kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, usugue kwa wepesi mpaka ukipitisha kidole usihisi kitu. Malizia na namba 1500. Kwenye ncha za boneti na mistari ya milango usiguse kabisa. Hapo rangi ni nyembamba, na prima, ile rangi ya kwanza ya chini, itachungulia kabla hujahesabu kumi. Osha, acha ikauke.

Safari hii piga kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu yasiyochoma mkono kwa dakika 10: msukumo unaongezeka na matone yanakuwa madogo. Usilipashe motoni hata kidogo, litalipuka. Ukisikia gololi inagonga ndani, tikisa dakika mbili zaidi. Laza boksi kubwa la katoni ubavu, nyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisipande, na upulizie humo huku mlango uko wazi na umevaa barakoa ya mafundi rangi. Ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina.

Umbali ni sentimita 15 hadi 20. Anza kubonyeza nje ya bodi, pita, achia ukishavuka upande wa pili. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, prima ibaki ikionekana. Subiri dakika 10. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ndio wa kulowesha: punguza mwendo kidogo, kaa mahali utakapoona mwanga wa dirisha ukiakisi kwenye bodi, na utauona uso ukibadilika kutoka ufifi kuwa kama maji yaliyotulia. Hapo ondoa mkono. Pita moja zaidi ndiyo inayoleta michirizi. Kisha funika kwa beseni lililoinuliwa kwa njiti mbili, mvuke utoke na vumbi lisiingie.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: kabla ya kupuliza, usifute bodi kwa kitambaa kikavu. Plastiki ikisuguliwa kavu hupata chaji ya umeme, ikavuta kila unyoya uliomo chumbani. Kitambaa kiwe na unyevu.

Masika yakifika, tatizo linageuka. Klia, ile rangi angavu ya kumalizia, ikipigwa siku ya mvua hupata weupe kama maziwa, kwa kuwa thina inapovukiza hupoza uso na unyevu wa hewa huganda juu yake. Siku hiyo usipige. Fanya kazi ya viti na injini.

Nimebandika vioo vya gari langu kwa supagluu. Kesho yake vimeota ukungu mweupe kwa ndani. Nimefuta kwa maji, hautoki. (Msomaji, Kondoa)

Ni mvuke wa supagluu yenyewe: unapanda, unaganda juu ya plastiki angavu, na hauyeyuki kwa maji. Kama kioo kinafikika, sugua kwa msasa namba 2000 wenye maji, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa laini mpaka king'ae. Vioo vijavyo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka huwa angavu, na ikimwagika pabaya inafutika kwa maji.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Manyoni. Nataka kutengeneza Hiace ya daladala kwa mkono wangu, kwa sababu maboksi ya kununua ni ghali. Nianze na nini, na vipimo navipataje?

Marahaba, mwanetu. Umechagua gari zuri kwa kuanzia, maana mbavu zake ziko karibu bapa.

Vipimo kwanza, kabla hujashika kisu. Hiace ya umbo lililotoka mwaka 2004, bodi ya kawaida, ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695, kimo 1,980, na kutoka ekseli hadi ekseli 2,570. Gawanya kila namba kwa 24. Utapata urefu 195.6, upana 70.6, kimo 82.5 na ekseli 107.1. Tairi zake, 195/80 za rimu ya inchi 15, zina kipenyo cha karibu milimita 693, kwa hiyo zako ziwe 29. Chora gari kwa ubavu, mbele na nyuma kwenye karatasi ya mraba, kwa ukubwa uleule utakaojenga. Madirisha yapime kwenye gari lenyewe kituoni, kwa ruhusa ya dereva.

Vifaa usinunue. Nenda panapojengwa nyumba, uombe mabaki ya dari la PVC. Yale mabapa yana ngozi mbili zilizoungwa kwa mbavu ndani; chana mbavu kwa kisu, utapata bapa jembamba lililonyooka. Lilinganishe na kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo unene wake ni milimita 0.76, likikaribia hapo linafaa. Kadi zenyewe tunza kwa bampa, vioo vya pembeni na milango.

Toboa madirisha kabla ya kuunga. Toboa tundu dogo kila pembe, kisha unganisha kwa kisu, ukipita mara sita au saba bila kukandamiza. Ukikandamiza, kisu kinateleza na ufa unapita hadi ukingoni. Ndani ya bodi weka kuta tatu za kushikilia: nyuma ya dereva, katikati na mkiani. Usipoziweka, mbavu zitabonyea siku ya rangi. Unga kwa gundi ya mabomba ya PVC, ukiiweka kwa ncha ya sindano. Nyingi inalainisha bapa na kulikunja. Gundi ya vigari vya boksi haishiki hapa, hiyo ni ya polistireni, plastiki ya vigari vya kununua.

Pale paa linapokutana na ubavu usiache kona kali, Hiace haiko hivyo. Bandika kipande cha ziada kwa ndani, pembeni yote, kisha sugua kwa nje mpaka kona iviringike. Nyama uliyoongeza ndiyo itakayozuia tundu lisitokee. Tairi kata kwenye soli ya ndala, upana milimita 8, zichomeke kwenye msumari na uzizungushe juu ya msasa namba 240 mpaka ziwe duara kamili. Vioo ni lile jalada angavu la kufungia ripoti, linapatikana stesheneri yoyote.

Likiisha usiliache juani ndani ya gari lililofungwa. PVC hulainika kwa joto na paa litabonyea. Na mabaki usiyachome, moshi wake una tindikali.

Mstari wa bluu ubavuni mwa daladala yangu nyeupe umetoka na meno kama msumeno. Nilitumia tepu ya karatasi. (Msomaji, Kizota, Dodoma)

Ukingo wa tepu iliyokaa dukani umeshakula vumbi, haushiki. Bandika tepu kwenye kioo au kigae, kata ukingo mpya kwa wembe mpya na rula ya chuma, kisha ihamishie kwenye gari. Mstari wa sentimita 15 kwenye gari halisi ni milimita 6.25 kwako. Kandamiza ukingo kwa kijiti cha meno. Halafu, kabla ya bluu, puliza nyeupe ileile ya chini juu ya ukingo wa tepu: kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayoingia na kuuziba, wala haitaonekana. Ikikauka ndipo upige bluu, mikono miwili myepesi. Bandua tepu rangi ikiwa bado laini, dakika 15 hivi, ukiikunja nyuma juu ya yenyewe. Meno yaliyopo yakwangue kwa ncha ya kisu kilicholazwa, kisha ung'arishe.

Nataka Land Cruiser yangu ionekane imetoka safari ya Kiteto. Nilipaka udongo halisi mwekundu na gundi, inaonekana kama imeviringishwa kwenye kokoto. (Msomaji, Kongwa)

Hesabu inaeleza. Punje ya udongo ya milimita 0.1, ambayo machoni ni vumbi, kwenye gari la 1/24 ni sawa na kokoto ya milimita 2.4. Unahitaji unga laini zaidi. Saga chaki ya kahawia na ya rangi ya chungwa juu ya msasa namba 600, changanya na nyeupe kidogo, maana vumbi la barabarani hupauka kuliko udongo wa shambani. Bodi ikiwa inang'aa unga hautashika. Ipige kwanza klia isiyong'aa.

Kisha paka kwa brashi kavu pale vumbi linapokaa kweli: nyuma ya magurudumu, chini ya milango, na zaidi ya kote mlango wa nyuma, kwa sababu gari likikimbia hewa hujikunja nyuma yake na kulivuta vumbi. Paa lipate kidogo. Kwenye kioo cha mbele kata karatasi mbili za umbo la njia ya waipa, zibandike kabla ya vumbi, uzibandue mwisho. Kwenye vitasa vya milango futa kwa kijiti chenye pamba yenye unyevu, mahali vidole vinaposhika. Ukifunika kwa klia tena, unga utafifia karibu nusu, kwa hiyo ama uzidishe mwanzo, ama uache bila klia na gari ulishike kwa chini tu.