Mkutano wa ramani ya mitaa: nenda, lakini na barua

Ndugu yangu, wauliza kama kwenda kutoa maoni kuhusu mpango mpya wa matumizi ya ardhi ni kupoteza wakati. Nenda, ila usitegemee kusimama na kusema tu, maneno ya ukumbini hupotea, peleka barua na ubaki na kopi iliyopigwa muhuri. Kabla ya hapo itisha ramani uangalie mtaa wenu wapewa ghorofa ngapi, ploti yaruhusiwa kujengwa kiasi gani, na maji taka yataenda wapi, maana huku Mombasa, mitaa ya Tudor na Nyali, nyumba ya familia moja yavunjwa yapanda fleti na bomba ni lile lile la zamani. Ukiandika "hatutaki magorofa" basi, hawana la kufanya nalo, andika mwataka mwisho ghorofa nne kwa sababu hii na hii. Katiba kifungu 196 yalazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Na jirani akishapewa kibali cha kujenga, sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi yakupa siku 14 tu kukata rufaa kwa ile kamati ya kaunti ya kusikiza rufaa hizo (liaison), kwa hivyo kibao cha ujenzi kikibandikwa getini kwake kisome siku hiyo hiyo.