Mayai 264 na mguu wa 36

Mwangaluka, wadau.

Jumanne kijana mmoja wa Geita kaniandikia meseji ndefu. Amerithi mradi wa PIC (chipu ndogo za kuendesha mashine, za kampuni ya Microchip) ulioandikwa kwa lugha ya asembla, kafungua MPLAB X mpya, programu ya kuandalia misimbo yake, na MPASM, inayogeuza asembla kuwa lugha ya chipu, haioni. "Kaka, maelekezo ya hivi vitu vya kale unayapata wapi? Kila nikitafuta naletewa Arduino."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi swali hilo lilinigharimu mayai 264.

Jibu lake la haraka ni hili: MPASM iliondolewa kuanzia MPLAB X 5.40, mwaka 2020. Toleo la 5.35 bado linayo, na Microchip wana ghala la matoleo ya nyuma kwenye tovuti yao. Usipolitaka, kuna gpasm iliyo ndani ya gputils, ya bure kabisa, inayoelewa msimbo mwingi wa MPASM. Basi. Sasa ya mayai.

Mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, bodi yake ina PIC16F877A. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, chipu ikafa. Aliyeitengeneza alishahama mji, ila aliacha msimbo kwenye flashi. Kabla yangu mama alimpelekea fundi mwenye jina hapa mjini, akaambiwa hiyo takataka, tupa. Alipofika mezani kwangu Mlango Mmoja nikamwambia, "Mama, niachie siku tatu." Nikiri tu: nilitaka yule bwana asikie kuwa nimeweza.

Msimbo ulikuwa wa HI-TECH C, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu) ambayo kampuni yake ilinunuliwa na Microchip mwaka 2009. Siku hizi mrithi wake ni XC8. Juu kabisa palikuwa na mstari huu wa swichi za kuweka chipu:

__CONFIG(HS & WDTDIS & PWRTEN & LVPDIS);

XC8 ikaukataa. Nikaingia mtandaoni, nikakuta mfano wa chipu nyingine, PIC16F84A, nikanakili mistari yake minne: FOSC, WDTE, PWRTE, CP. Makosa yote yakafutika. Nikachoma programu kwenye chipu mpya, skrini ikawaka, nikapiga picha nikaweka status. Yule bwana naye aliitazama, nilimwona.

Mayai yalikuwa siku ya 16 kati ya 21 aliponipigia alfajiri. Alikuwa ametoka msibani Magu, siku mbili hayupo. Mtoto aliyeachiwa kazi alikuwa akitazama skrini, inasema 37.5, anaridhika. Nilipofika bado ilisema 37.5. Nikaingiza mkono ndani: mayai ya baridi kama mawe ya ziwani. Chipu ilikuwa imeganda, na skrini ikabaki na namba ya mwisho iliyoandikiwa. Mama akachukua yai moja akalipasulia kwenye kisahani cha chai. Kifaranga kilishaota manyoya, kimejikunja, hakisogei. Akanisogezea kile kisahani, akaingia ndani. Angenitukana ningeshukuru.

Kosa lilikuwa hili. 16F84A haina kitu kinachoitwa LVP, yaani kuchomwa programu kwa umeme mdogo. 877A inayo, na usipoizima wewe mwenyewe inabaki imewashwa. Ikiwa imewashwa, mguu wa 36, yaani RB3, si wako tena: ukipata umeme tu, chipu inaacha kazi zake inasubiri kuchomwa programu mpya. Kwenye bodi ile mguu huo haukuungwa popote. Mezani kwangu ulitulia. Igoma, jirani na rilei na mota ya kugeuza trei, ukaanza kunasa umeme unaorukaruka. LVPDIS kwenye ule mstari maana yake ni "izime LVP". Aliyeitengeneza mashine alijua alichoandika.

Na jibu lilikuwa ndani ya laptopu yangu muda wote, hata bando halihitajiki. Fungua folda ulikosakinisha XC8, ingia docs, kuna faili la pic_chipinfo.html. Bonyeza jina la chipu yako, unaorodheshewa kila swichi ya kuweka, na LVP imo. Habari hiyohiyo imo kwenye sura ya 14 ya datashiti, ile hati ya maelezo ya chipu.

Kwa hiyo anza na folda ya docs. Kompaila iliyokufa nayo ilikuja na docs zake, usizifute ili kupata nafasi ya muvi. Ukienda mtandaoni, tafuta kwa namba ya hati, kwa sababu jina la chipu litakupeleka madukani. Datashiti ya 877A ni DS39582. Kitabu cha familia nzima ya PIC za daraja la kati ni DS33023. Kiungo kikiwa kimekufa, kibandike Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani za mtandao. Ila kwanza docs, jamani. Docs!

Tatizo letu ni uvivu, na nasema letu. Mtu hajafungua ukurasa hata mmoja, tayari yuko kwenye grupu la WhatsApp: "wakuu, msaada." Atasingizia Kiingereza. Jedwali la biti lina Kiingereza gani? Na ukikuta mstari usioujua, usiufute mpaka umejua kazi yake. Mtu aliuweka pale kwa sababu.

Mayai nililipa kwa awamu tatu. Niliandika LVP = OFF na, kwa woga, nikaunga rizista ya 10K kutoka mguu wa 36 kwenda grandi. Mashine haijaganda tena. Ila mama hapigi simu siku hizi. Akiwa na shida anamtuma yule mtoto.

Wewe wa Geita, kabla sijakujibu zaidi, nipigie picha ya mgongo wa chipu, herufi zote zisomeke mpaka ile A ya mwisho kama ipo. 877 na 877A si chipu moja.