Ukiingia Eagle, inua kichwa

Wiki hii mmetuuliza: ni chumba gani uliwahi kuingia mara moja tu na hadi leo hakijakutoka akilini? Changu kiko ndani ya baa. Mimi pombe situmii, kwa hiyo mke wangu ananicheka mpaka leo.

Baa yenyewe ni The Eagle, mtaa wa Bene't Street, Cambridge, Uingereza. Ilifunguliwa 1667. Wageni wengi wanafuata habari za wanasayansi Watson na Crick, maana inasimuliwa kuwa ni humo, Februari 1953, Crick alipowatangazia watu waliokuwa wakila chakula cha mchana kwamba wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Wanapiga picha, wanamaliza bia, wanaondoka. Uhondo wameuacha nyuma.

Uhondo uko chumba cha ndani, darini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mashariki mwa Uingereza kulijaa viwanja vya ndege za kivita, na vijana wa jeshi la anga la Uingereza, pamoja na wenzao Wamarekani, walikuwa wakija hapa jioni kunywa. Wakapanda juu ya meza, wakaandika darini majina yao na namba za vikosi kwa moto wa mishumaa na viberiti. Wengine walitumia rangi ya mdomo. Wenye rangi hiyo waliambiwa nini walipoombwa kuiazimisha, tumwachie Mungu. Baadaye maandishi yakafifia, mpaka James Chainey, fundi mstaafu wa jeshi hilohilo, alipoyafukua na kuyasoma katika miaka ya 1990.

Niliagiza chai, nikalaza shingo kwenye kiti. Usitegemee mwandiko mzuri. Mistari inapanda na kushuka, ukaona kabisa kwamba mwandishi alikuwa amenyoosha mkono juu ya meza inayoyumba, huku wenzake chini wakimpigia kelele.

Asubuhi ile nilikuwa nimesoma kwamba kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na ndege za mabomu za Uingereza, 55,573 waliuawa. Karibu nusu. Nikawa nasoma jina, nanyamaza, nasoma lingine. Chai ikapoa.

Mhudumu alipokuja kuchukua kikombe akaniuliza kama shingo hainiumi. Nikamwambia hainiumi. Iliuma mpaka kesho yake.