Je, kupanda mboga kwenye marobota ya mabua ya ngano huokoa maji sehemu kame?

Ndugu yetu wa Makueni ameuliza iwapo kupanda mboga kwenye marobota ya mabua ya ngano kutampunguzia gharama ya maji, kwa kuwa ameambiwa kwamba robota huhifadhi maji kuliko udongo. Nimelima kwa njia hii hapa Kitengela, ambako udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuwa tope zito mvua inaponyesha, na nimeridhika kwamba robota lililowekwa juu ya ardhi bila kinga yoyote hutumia maji mengi kuliko tuta la kawaida.

Tupige hesabu. Robota la urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 35 lina eneo la juu, yaani la kupandia, la takriban mita za mraba 0.4, ilhali pande zake nne kwa jumla zinakaribia mita za mraba 0.95. Upepo wetu wa nyandani, ambao haukatiki mchana kutwa, unapata eneo la kukausha lililo zaidi ya mara mbili ya lile linalobeba mboga. Isitoshe, mabua makavu yana nta na yana uwazi ndani, hivyo maji ya mwanzo, hasa yakimwagwa mengi kwa mkupuo, huteremka moja kwa moja hadi chini na kupotea pamoja na mbolea.

Kwa hiyo mimi hulizika robota. Nachimba mtaro wa kina cha sentimita 30 hivi, nayapanga marobota mawili mawili yakiwa yamebanana, sehemu zilizokatwa zikitazama juu, kisha nashindilia udongo pembeni mpaka kibaki kimo kidogo tu, ambacho nakifunika kwa magunia au majani makavu. Katika udongo mweusi ni lazima mtaro uwe na mteremko na njia ya kutolea maji, kwa sababu mvua za Aprili zikijaa humo mizizi itaoza.

Matumizi makubwa zaidi ya maji huja kabla hata mche haujapandwa. Robota la kilo 15 linaweza kushika maji ya uzito mara mbili ya wake, yaani lita 30, mtungi mmoja na nusu, na katika siku 10 hadi 12 za kuliivisha, yaani kulianzisha kuoza kwa mbolea ya nitrojeni kama CAN au yurea, linapata joto kali linaloendelea kuyafukuza maji hayo. Ndiyo maana kazi hii naianza mvua za vuli zinapokaribia, ili mawingu yanifanyie sehemu ya kazi hiyo badala ya lori la maji. Baada ya kupanda natumia bomba la matone lililolazwa chini ya matandazo, maji kidogo kila alfajiri, na wakati wa jua kali mara ya pili jioni. Nikiingiza vidole ndani na kukuta unyevu, siongezi. Wenye visima vya maji ya chumvi waangalie ukoko mweupe juu ya mabua, kwa kuwa matone madogo madogo huacha chumvi yote pale pale.

Usinunue marobota ya Boma Rhodes, nyasi za malisho ya ng'ombe, kwa kazi hii. Mbegu zake huota na kunywa maji ya mboga zako, na inauma kuona malisho mazuri yakiozeshwa huku ng'ombe wa majirani wakikonda.

Kwa Makueni, ikiwa shamba lako lina ule udongo mwekundu wa kichanga unaochimbika kwa urahisi, singekushauri kununua marobota ya kupandia. Chimba tuta la kuzama, yaani lililo chini kidogo ya usawa wa ardhi, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha lifungue robota moja na kulitandaza lote juu ya udongo kwa unene wa kiganja, ukiacha nafasi kuzunguka shina la kila mche. Marobota ya kupandia yawe ya mtu mwenye mwamba, au udongo wa chumvi usioweza kuotesha chochote.