Hobie 16 kupinduka kichwangomba: si wimbi peke yake

Hobie 16 (mashua ndogo ya matanga yenye miili miwili) ikipinduka kwa kutanguliza ncha za mbele, ni rahisi kulaumu wimbi, lakini kosa kubwa ni uzito kukaa mbele. Ncha zake za mbele ni nyembamba, hazielei sana, na tanga la mbele linazidi kuzikandamiza. Ukienda na upepo mkali nyuma yako, wote msogee nyuma kabisa. Omo (ncha ya mbele) ya upande wa chini ya upepo, yaani upande unakoelekea upepo, ikianza kuzama, legeza kamba ya tanga la mbele kwanza, upesi. Nimejifunza Diani wakati wa kusi, kwa kumeza maji ya chumvi.

Ila ukienda joshi, yaani kuukabili upepo, ni kinyume: ukikaa nyuma sana omo inanyanyuka, upepo unaingia chini ya turubai ya kukalia, na unaweza kupinduka kinyumenyume.