Kabla ya kuweka mpaka, jua nani anaokota kuni humo

Ramani ya mradi wa msitu huonyesha miti, mito na mipaka. Haimwonyeshi mama anayeokota kuni mara tatu kwa wiki, wala mfugaji anayepitisha mifugo miezi miwili tu ya kiangazi. Hao ndio wanaoumia kwanza uzio ukiwekwa, na usishangae wakiukata.

Kwa hiyo anza na orodha ya matumizi, siyo ya viongozi. Chukua kuni, nguzo, malisho, asali, dawa za miti, udongo wa kufinyangia, kimoja kimoja, kisha uliza: nani huchukua, miezi gani, kwa ruhusa ya nani, na akizuiwa ataenda wapi? Swali la mwisho ndilo linalorukwa, na ndilo linaloeleza kwa nini msitu wa jirani huanza kuteketea mara huu unapofungwa. Maswali haya yaulizwe mkitembea huko huko porini na wachukuaji wenyewe, na majibu yapangwe kwenye kalenda ya miezi 12. Ziara ya wiki moja wakati wa mvua haitamwona mfugaji wa kiangazi.

Mkutano wa hadhara peke yake haukupi picha. Wanaosema ni wenye ardhi na wenye sauti. Kaa pia na vikundi vya watu 6 hadi 10: wanawake peke yao, vijana, wapangaji wa mashamba, wahamiaji. Majibu yakipishana, hapo ndipo pa kuchimba. Na karatasi ya mahudhurio si ridhaa. Wengine wametia sahihi kwa ajili ya posho. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa jamii za asili linazungumzia ridhaa huru, ya mapema, yenye taarifa kamili. Bajeti ikishapitishwa ndipo watu waitwe, hayo ni matangazo tu.

Upandaji miti, unaoonekana kazi ya heri tupu, una mtego wake: sehemu nyingi, kupanda mti ni kudai ardhi. Mpangaji au mke anaweza kukatazwa kupanda, na miche ikafia kitaluni. Ulizeni umiliki wa mti na wa ardhi kila kimoja kivyake, na makubaliano yaandikwe kabla mashimo hayajachimbwa.

Kuhusu sheria ndogo, utafiti wa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, ulionyesha kwamba mifumo ya kutunza mali ya pamoja, kama misitu, inayodumu huwashirikisha watumiaji katika kutunga kanuni, na adhabu zake hupanda ngazi kwa ngazi. Faini kubwa kwa kosa la kwanza hailipwi, humnenepesha mlinzi.

Malalamiko nayo yawe na milango miwili, mmoja usipite kwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, kwani mara nyingi analalamikiwa yeye. Kila lalamiko liandikwe na lipewe tarehe ya kujibiwa. Daftari likikaa tupu mwaka mzima, rudi kwenye ile orodha ya matumizi uwatafute walioacha kuja.