Tangi jipya la maji ya bahari limeota utando wa kahawia

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina tangi la maji ya bahari la lita 60, nipo Tabata, Dar es Salaam. Lina wiki ya sita. Wiki ya tatu mchanga uligeuka kahawia, nikaufuta, kesho yake ukarudi. Sasa mawe nayo yameota nyuzi za kijani. Maji nilichota Kigamboni. Yakipungua najazia ya bomba niliyoyalaza siku mbili klorini itoke. Taa nawasha nikiamka, nazima nikienda kulala. Niweke dawa gani?

JIBU: Pesa ya dawa ibaki mfukoni kwanza. Dawa nyingi za kuua mwani zina shaba, na shaba inaua konokono na kamba kabla nyuzi hazijanyauka.

Huo utando wa kahawia ni diatomu, viumbe vidogo mno vinavyojenga magamba yao kwa silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Karibu kila tangi jipya hupitia hapo, na silika ikiisha vinapotea vyenyewe. Kwako haiishi kwa sababu kila siku unaileta na ndoo. Kulaza maji kunatoa klorini tu. Tuseme kwa joto letu hili tangi linapungua lita moja kwa siku: ndani ya siku 60 utakuwa umemimina lita 60 za bomba, yaani tangi zima. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Silika, pamoja na naitreti na fosfeti ambazo ni chakula cha mwani, vinabaki ndani. Tazama ukoko mweupe chini ya birika lako la chai, utanielewa.

Kwa hiyo jazia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini. Wanaouza maji ya kunywa ya madumu wengi wanayo. Waombe yale yanayotoka kwenye mashine kabla hawajarudishia madini. Na usishawishike na maji yanayodondoka kwenye AC, hata kama ni ya bure. Yamegusa mabomba ya shaba.

Nyuzi za kijani ni mwani, nazo zinaishi kwa naitreti, fosfeti na mwanga. Taa iwe masaa 8, ifungwe kwenye taima maana mkono husahau. Kama tangi liko dirishani, lihamishe. Toa jiwe, lisugue kwa mswaki mpya ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, usilisugulie ndani ya tangi, vipande vitasambaa na kuota upya. Samaki wale kidogo, wamalize ndani ya dakika mbili. Kila wiki badilisha lita 6, kipimo cha chumvi ya maji (haidromita) kisome 1.025. Maji hayo yachotwe bahari ikijaa, mbali na midomo ya mito, na wakati wa masika subiri kukauke siku kadhaa, mvua inashusha uchafu wote wa mjini baharini. Konokono wawili watatu wa kula mwani watasaidia, ila waingie maji yakishatulia.

Jambo moja la kuangalia leo: pitisha kidole juu ya mchanga. Utando ukipeperuka kama vumbi, ni diatomu. Ukinyanyuka kipande kizima chenye mapovu, wa kuteleza kama utando juu ya maziwa yaliyochemka, hao ni bakteria. Hapo unyonye kwa mpira wa maji, geuza pampu isukume maji sehemu hiyo, kisha niandikie kipimo cha naitreti kinasomaje.